UZI: Lobachevsky, mwalimu wa Kazan aliyekataa kuwadanganya wanafunzi wake

#1 MwalimuChaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, mwaka wa 14 sasa. Nilipokuwa kidato cha pili nilinyoosha mkono nikauliza: tunajuaje kwamba mistari sambamba haikutani hata ikirefushwa mpaka mwisho wa dunia? Mwalimu wangu wa wakati ule akaniambia nikae, ninakili kilichoko ubaoni. Nikakaa, ila swali halikukaa. Nilipofika chuo ndipo nikakutana na jina la mtu aliyeliuliza swali hilohilo mbele ya wanafunzi wake, akalitafutia jibu miaka mingi, na alipokosa jibu akakubali kwamba hana. Anaitwa Nikolai Ivanovich Lobachevsky.

Wanaomtaja humtaja kama mgunduzi wa jiometri mpya, tofauti na ile ya shuleni, aliyepuuzwa na wakubwa. Ni kweli alipuuzwa. Lakini mimi namtazama kwanza kama mwalimu, maana naamini kabisa ugunduzi wake ulizaliwa darasani, kwenye chaki na ubao. Uzi ni mrefu, naushusha kwa vipande.

Alizaliwa mwaka 1792 Nizhny Novgorod, mji wa ukingoni mwa mto Volga. Baba yake alikuwa karani mdogo kwenye mambo ya upimaji ardhi, akafa watoto wakiwa bado wadogo. Mama yake, Praskovya, akabaki na wana watatu wa kiume: Alexander, Nikolai na Alexei. Akafunga mizigo, akaenda nao Kazan, mji wa Warusi na Watatari ulioko mashariki zaidi kwenye Volga hiyohiyo. Kazan kulikuwa na shule ya sekondari iliyochukua baadhi ya watoto kwa gharama za serikali. Mwaka 1802 Nikolai akaingia humo. Mjane asiye na kitu, na watoto wakasoma. Kila nikifika hapa huwa namfikiria huyo mama kuliko hata mtoto.

Mwaka 1804 Tsar Alexander wa Kwanza akaanzisha Chuo Kikuu cha Kazan. Mwanzoni chuo na ile sekondari vilibanana kwenye jengo moja. Nikolai akajiunga na chuo mwaka 1807, ana miaka 14. Mwaka huohuo kaka yake mkubwa Alexander akazama kwenye mto Kazanka.

Alikuja akiwa na nia ya kusomea udaktari. Walimu ndio waliomgeuza. Chuo kipya hakikuwa na maprofesa wa kutosha, kikaagiza Wajerumani, na mwaka 1808 akafika Martin Bartels. Huyu Bartels, akiwa kijana msaidizi wa shule kule Braunschweig, ndiye aliyekaa na kumfundisha hesabu mtoto mmoja mdogo aliyeitwa Carl Friedrich Gauss, aliyekuja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa duniani. Yaani mtu aliyeshika mkono wa Gauss akatoka Ujerumani, akavuka Urusi, akaushika na mkono wa Lobachevsky. Nitarudi hapa, kuna ubishi.

Msidhani alikuwa kijana mtulivu. Alitengeneza roketi akaifyatua usiku uwanjani, wakamfungia kwenye chumba cha adhabu. Msimamizi wa wanafunzi akamwandika kuwa ni mkaidi, mwenye kujiona, na ana dalili za kutomwamini Mungu. Kwa Urusi ya wakati ule, hiyo ya mwisho ilitosha kumpoteza. Mwaka 1811 walitaka kumnyima shahada. Bartels na wenzake wakasimama kumtetea, naye akaahidi mbele ya baraza la chuo kwamba atajirekebisha. Akapewa shahada ya uzamili ana miaka 18.

Naendelea baada ya kula.

#2 Kipepeo_wa_Pangani

Nimekaa mkao wa kusoma mkuu. Shusha.

#3 NduguOtieno

Mwalimu, shikamoo kutoka Kisumu. Mimi ni fundi wa umeme, hesabu niliziacha kidato cha nne, lakini hii ya Bartels kufundisha watu wawili wa namna hiyo imenigusa. Endelea tafadhali.

#4 MwalimuChaki

Marahaba ndugu yangu Otieno. Karibu.

Mwaka 1814 akaanza kufundisha palepale Kazan, na 1816 akapandishwa kuwa profesa, ana miaka 23. Akapewa na somo la jiometri. Sasa ili tuelewane, lazima niseme kidogo kuhusu Euclid.

Euclid aliandika jiometri yake kwa Kigiriki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kabla ya kuthibitisha lolote alimwomba msomaji akubali mambo matano bila uthibitisho. Kwa Kigiriki chake ni maombi hasa: "nikubalie haya, nami nitakujengea yote yaliyobaki." Manne ya kwanza ni mepesi. Kwa mfano, kwamba kati ya nukta mbili unaweza kuchora mstari mnyoofu. Ombi la tano ni refu na zito. Kwa maneno yetu ya darasani linasema hivi: ukiwa na mstari, na nukta nje ya mstari huo, basi kwenye nukta hiyo unapita mstari mmoja tu sambamba na ule wa kwanza.

Watu wakaona ombi hili halifanani na wenzake. Linafanana na kitu cha kuthibitishwa. Wakaanza kutafuta uthibitisho. Ptolemy alijaribu. Omar Khayyam, huyuhuyu mnayemjua kwa mashairi, alijaribu. Nasir al-Din al-Tusi alijaribu. Saccheri wa Italia akatoa kitabu kizima mwaka 1733. Legendre wa Ufaransa alikuwa akiweka uthibitisho mpya kila anapotoa upya kitabu chake cha shule, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeonekana una ufa. Karne kwa karne, kila uthibitisho ulikuwa umeficha ndani yake kitu kilekile ulichodai kukithibitisha.

Lobachevsky naye alijaribu, na alijaribu mbele ya darasa. Madaftari ya mwanafunzi wake wa miaka ya 1815 hadi 1817 yalihifadhiwa, na humo yamo majaribio yake ya kulithibitisha ombi la tano, si moja. Mwalimu anasimama ubaoni anatoa uthibitisho, kisha anaona haukusimama, anautafuta mwingine. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, unajua ujasiri unaotakiwa kufanya hivyo mbele ya vijana wanaokutazama usoni.

Mwaka 1823 akaandika kitabu cha kiada cha jiometri. Humo akasema wazi: uthibitisho kamili wa jambo hili haujapatikana mpaka sasa, na uliotolewa ni maelezo tu, hayastahili kuitwa uthibitisho. Hapo ndipo moyo wa uzi huu ulipo. Kitabu cha shule kinachomwambia mwanafunzi: hapa hatujui.

Kikapelekwa St. Petersburg kwa mwanaakademia Nicolas Fuss kikaguliwe. Fuss akakikataa. Miongoni mwa makosa aliyoyataja ni kwamba kimetumia mita, kipimo kilichozaliwa na Mapinduzi ya Ufaransa. Kitabu hakikuchapwa. Mswada ulikuja kuchapwa mwaka 1909, mwandishi ana zaidi ya miaka 50 kaburini.

#5 Bint_Mwera

Shikamoo mwalimu. Kukataa kitabu kwa sababu ya mita? Naomba ueleze, hii siielewi.

#6 MwalimuChaki

Marahaba dada. Ni lazima uione hali ya nchi. Napoleon alikuwa amefika Moscow mwaka 1812. Baada ya vita, Tsar na waliomzunguka walikitazama kila kilichonuka Ufaransa kwa hofu, na vyuo vikuu vikashukiwa kuwa mapango ya ukafiri. Mwaka 1819 akatumwa Kazan mkaguzi mmoja, Mikhail Magnitsky. Akaandika ripoti akipendekeza chuo kivunjwe kabisa. Tsar hakukubali kukivunja, ila akamfanya Magnitsky huyohuyo kuwa msimamizi wake.

Hiyo miaka saba iliyofuata ilikuwa mibaya. Maprofesa wakafukuzwa. Vielelezo vya viungo vya binadamu vya somo la anatomia vikatiwa majenezani vikazikwa kwa ibada. Profesa mmoja wa hisabati alisimama akahutubu kwamba pembetatu ni alama ya Utatu Mtakatifu. Bartels akaondoka kwenda chuo cha Dorpat (leo Tartu, Estonia). Littrow, mwalimu wa falaki, naye alishakwenda zake.

Lobachevsky alibaki. Mzigo wa walioondoka ukamwangukia: hisabati, fizikia, falaki, ukuu wa kitivo, kisha na maktaba, ambayo vitabu vyake vilikuwa vimevurugika. Ndani ya miaka hiyohiyo, usiku kwa usiku, ndipo alipoacha kulithibitisha ombi la tano akaligeuza. Akajiuliza: itakuwaje nikilikataa? Nikisema kwenye nukta ile unapita zaidi ya mstari mmoja usioukuta ule wa kwanza?

Alitegemea, kama wote waliomtangulia, kwamba mahali fulani mbele atagonga ukuta, hesabu zitajipinga zenyewe. Akaenda, akaenda, akajenga hata trigonometria yake. Ukuta haukuwepo. Kulikuwa na jiometri nyingine nzima, timamu.

Tarehe 11 Februari 1826, kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule, akaisoma mbele ya wenzake wa kitivo. Karatasi ikakabidhiwa kwa wenzake watatu waipitie watoe maoni. Hawakutoa maoni yoyote. Karatasi yenyewe ikapotea, na haijaonekana hadi leo.

#7 Mpimaji_wa_Viwanja

Mkuu nakuheshimu, lakini nipinge kidogo. Mimi kazi yangu ni upimaji ardhi. Tukipima eneo kubwa tunajua fika kwamba pembetatu juu ya uso wa dunia inazidi nyuzi 180, kwa sababu dunia ni tufe. Hilo lilijulikana kabla yake. Sasa yeye amegundua nini?

#8 MwalimuChaki

Mpimaji, swali zuri sana, na nafurahi limetoka kwa mtu wa fani ya baba yake Lobachevsky.

Kwenye tufe pembetatu inazidi 180, sawa kabisa. Lakini kwenye tufe hakuna mistari sambamba hata mmoja. Mistari minyoofu ya tufe ni duara kubwa, zile zinazoligawa tufe nusu kwa nusu, na mbili zozote lazima zikutane, kama longitudo zinavyokutana kwenye ncha za dunia. Pia mstari haurefuki bila mwisho, unazunguka na kurudi. Kwa hiyo kwenye tufe si ombi la tano peke yake lililovunjika. Lobachevsky aliyaacha mengine yote manne yamesimama, akaligusa la tano tu, tena kwa upande wa kinyume: sambamba ni nyingi, na pembetatu ina pungufu ya nyuzi 180. Kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo upungufu unavyoongezeka. Na kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulipenda: katika jiometri hiyo huwezi kuikuza pembetatu huku pembe zake zikibaki zilezile. Ukijua pembe tatu, umejua na urefu wa pande zote.

Jaribuni hivi, nimekifanya darasani. Kateni pembetatu nyingi za karatasi ngumu, zote za pande sawa, kila pembe nyuzi 60. Mkiziunganisha sita kuzunguka nukta moja zinalala bapa mezani, kwa sababu 6 mara 60 ni 360. Huo ndio uso wa Euclid. Mkiunganisha tano kila nukta, karatasi inajikunja kama bakuli, mkiendelea inafunga na kuwa kama mpira. Sasa unganisheni saba kila nukta. Nyuzi ni nyingi kuliko nafasi! Karatasi inakosa pa kwenda, inajikunjakunja, inapanda hapa na kushuka pale. Huo uso unakaribia ule wa Lobachevsky.

Ukitaka kuuona bila mkasi, nenda sokoni ukatazame jani la sukumawiki lenye pindo za mawimbi. Ukingo umeota haraka kuliko katikati, ndiyo maana hauwezi kulala bapa hata ukiukandamiza kwa kiganja. Baadhi ya matumbawe ya baharini yameota kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1997 mwanahisabati wa kike kutoka Latvia, Daina Taimina, aliufuma uso huo kwa kroshia, akawa anaongeza vishono kwa uwiano uleule kila mzunguko, ili wanafunzi wake waushike kwa mikono.

#9 Mpimaji_wa_Viwanja

Nimeelewa. Ile ya saba nitaifanya leo nyumbani na wanangu. Asante mkuu.

#10 Ustadh_wa_Namba

Assalaam alaykum. Nashukuru umemtaja al-Tusi na Khayyam, maana wengi huruka kutoka Euclid moja kwa moja mpaka Ulaya. Sasa lile la Bartels. Nimewahi kusikia kwamba Gauss alikuwa ameshaijua jiometri hii, akamwambia rafiki yake Bartels, na Bartels akamnong'oneza mwanafunzi wake Kazan. Kwa maana hiyo Lobachevsky alichukua cha mtu. Unasemaje?

#11 MwalimuChaki

Wa alaykum salaam, ustadh. Huo ndio ubishi niliosema nitaurudia.

Mimi siukubali, na sababu zangu ni hizi. Bartels alikuwa Kazan kuanzia 1808. Kama alikuja na siri hiyo mfukoni, mbona mwanafunzi wake mwaka 1815 bado alikuwa anahangaika kulithibitisha ombi la tano ubaoni? Anayejua kwamba nyumba haina mlango wa nyuma hautafuti miaka minane. Kitabu cha 1823 nacho kinaonyesha mtu ambaye bado yuko njiani. Kisha Gauss mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kusema "hiki ni changu", hakusema hivyo. Aliposoma kijitabu cha Kijerumani cha Lobachevsky kilichochapwa Berlin mwaka 1840, alimwandikia rafiki yake Schumacher kwamba yeye mambo hayo anayajua siku nyingi, ila Lobachevsky ameyafikia kwa njia tofauti na yake, na ameyaeleza kwa ustadi. Akajifunza Kirusi uzeeni, akavisoma na vile vya Kirusi. Mwaka 1842, kwa pendekezo la Gauss, Lobachevsky akachaguliwa kuwa mshiriki wa Jumuiya ya Sayansi ya Göttingen.

Kuna na mtu wa tatu, tusimsahau: János Bolyai, afisa kijana wa jeshi kule Hungaria, aliyeifikia jiometri hiyohiyo peke yake na kuichapa mwaka 1832 mwishoni mwa kitabu cha baba yake. Kazan ilikuwa imeshachapa tangu 1829, ila hakuna aliyejua. Watu watatu, kila mmoja na pembe yake ya Ulaya.

Gauss nina kinyongo naye, nisiwafiche. Aliogopa kelele za wasioelewa, akanyamaza hadharani. Akamsifu Lobachevsky kwenye barua za faragha tu. Neno lake moja lililochapwa lingebadili maisha ya mtu kule Kazan.

#12 Kipepeo_wa_Pangani

Na Urusi kwenyewe walimpokeaje? Umesema 1829 alichapa.

#13 MwalimuChaki

Alichapa kwa vipande, 1829 na 1830, kwenye jarida la chuo chake. Baraza la chuo likaituma kazi hiyo Akademia ya Sayansi St. Petersburg. Akapewa Mikhail Ostrogradsky aipitie. Huyu alikuwa mwanahisabati mkubwa kweli, aliyesomea Paris. Mwaka 1832 akatoa maoni kwamba kazi haistahili kuangaliwa na Akademia. Mwaka 1834 gazeti moja la mji mkuu likachapa makala isiyo na jina la mwandishi, likimdhihaki kwamba mtu mwenye cheo chake ameandika kitu ambacho mwalimu wa shule ya chini angeona aibu kukiandika.

#14 Bint_Mwera

Mwalimu, niulize kwa unyoofu: je, Ostrogradsky alikuwa na ubaya tu, au na yeye alikuwa na hoja? Mimi nahariri miswada, najua kuna kazi nzuri ambazo msomaji hawezi kuziingia.

#15 MwalimuChaki

Dada umenirudisha kwenye haki. Hoja alikuwa nayo. Ile kazi ya 1829 ni ngumu mno kusoma. Lobachevsky anarukia matokeo, anaacha hatua, anakutupia hesabu za kutafuta maeneo na ujazo kabla hujaelewa umesimama wapi. Mtu aliyeweza kuwaeleza fizikia watu wa mjini kwa mihadhara ya jioni, kwenye kazi yake kubwa kuliko zote alishindwa kumshika msomaji mkono. Kile cha Berlin cha 1840 ndicho kilichonyooka, kurasa 61 tu, na ndicho kilichomfikia Gauss. Ostrogradsky alikosea kwa kudhani kwamba asichokielewa hakina kitu.

Sasa ngoja niwaambie alikuwa anafanya nini mchana wakati wakubwa wanamdharau, maana hapa ndipo ninapompenda.

Mwaka 1826 Magnitsky akaondolewa. Mwaka 1827 maprofesa wakamchagua Lobachevsky kuwa rekta, yaani mkuu wa chuo. Ana miaka 34. Wakamrudia tena na tena, akakaa miaka 19. Aliisimamia kamati ya ujenzi, akajifunza mwenyewe mambo ya majengo ili asidanganywe na wakandarasi, na chini yake vikasimama maktaba, jengo la anatomia, chumba cha uangalizi wa nyota, maabara. Maktaba aliishika kwa mkono wake mpaka 1835, akaipanga, akaifungulia watu wa mjini. Mwaka 1834 akaanzisha jarida la kitaaluma la chuo.

Mwaka 1830 kipindupindu kikapanda na Volga kikaingia Kazan. Hakuna aliyejua kwamba ni maji; vijidudu vyake vilikuwa havijulikani. Lobachevsky akawaingiza wanafunzi, walimu na familia zao ndani ya uzio wa chuo, akafunga mageti, akaweka utaratibu mkali wa kuingiza chakula na wa usafi. Mjini watu walikufa ovyo. Ndani ya uzio walikufa wachache.

Mwaka 1842 moto ukala sehemu kubwa ya mji. Chumba cha uangalizi wa nyota kikaungua, lakini vyombo vya falaki na vitabu vikatolewa salama. Akaanza kujenga upya mara moja.

Inasimuliwa pia kwamba aliingia dukani siku moja akamkuta kijana msaidizi nyuma ya kaunta anasoma kitabu cha hisabati. Akamtafutia nafasi ya masomo. Kijana huyo, Bolzani, baadaye akawa profesa wa fizikia Kazan. Kumbukeni mjane na wanawe watatu.

Na mwaka 1844, wakati yeye ndiye mkuu, alijiunga na chuo kijana mmoja aliyeitwa Leo Tolstoy. Hakumaliza.

#16 NduguOtieno

Mwalimu, nimesoma haya nikiwa kazini juu ya ngazi. Je, alikuwa na familia? Mtu anayefanya yote hayo analala saa ngapi?

#17 MwalimuChaki

Otieno, shuka ngazi kwanza ndugu yangu.

Alioa mwaka 1832, ana karibu miaka 40. Mkewe, Varvara Alekseyevna Moiseyeva, alikuwa binti mdogo kwake sana, wa familia yenye uwezo. Walipata watoto wengi na wakazika wengi. Alinunua shamba kando ya Volga, akapanda miti ya matunda, akafuga kondoo wa merino. Sufu yake ikampatia medali ya fedha. Wapo wanaosema hiyo medali ilikuwa heshima pekee ya wazi aliyoipata kwa kazi ya akili yake ndani ya Urusi. Hawako mbali na ukweli. Lakini shamba na nyumba vilimla fedha, akaingia madeni.

Mwaka 1846 alitimiza miaka 30 ya uprofesa. Kwa sheria, kiti chake kilipaswa kuachwa au kuombewa nyongeza. Yeye mwenyewe akapendekeza apewe mwanafunzi wake wa zamani, Popov. Akadhani ataendelea na mengine. Wizara ikamwondoa na kwenye uprofesa na kwenye ukuu wa chuo kwa pamoja, ikampa cheo cha msaidizi wa msimamizi wa elimu wa wilaya, cheo cha jina tu.

Mwaka 1852 kifua kikuu kikamchukua mwanawe mkubwa, Alexei, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo. Walioishi naye wanasema hakuinuka tena. Macho yakaanza kufifia, akawa kipofu.

Mwaka 1855 chuo kilitimiza miaka 50. Akataka kutoa kitu. Hawezi kuandika, hawezi kusoma. Akawa anatamka kwa mdomo, wengine wanaandika: jiometri yake yote kwa mara ya mwisho, kuanzia mwanzo, akaipa jina la *Panjiometri*. Ikatoka kwa Kirusi na kwa Kifaransa. Fikirieni mchoro wa pembetatu ulioko kichwani mwa mtu asiyeona, anauelekeza kwa maneno.

Akafa tarehe 12 Februari 1856 kwa kalenda ileile ya zamani. Miaka 30 na siku moja tangu aisome ile karatasi iliyopotea. Akazikwa makaburi ya Arskoe, Kazan.

#18 Ustadh_wa_Namba

Inna lillahi. Na ni lini watu walimwelewa?

#19 MwalimuChaki

Baada ya Gauss kufa mwaka 1855, barua zake zikaanza kuchapwa, na watu wakakuta humo sifa za Mrusi wasiyemjua. Mwaka 1866 Hoüel wa Ufaransa akakitafsiri kile kijitabu cha Berlin kwa Kifaransa. Mwaka 1868 Beltrami wa Italia akaonyesha kwamba kipande cha jiometri hiyo kinaweza kukaa juu ya uso uliopinda ndani ya nafasi yetu ya kawaida, na kwamba yote inaweza kuwekewa mfano ndani ya jiometri ya Euclid, kwa hiyo ikiwa ya Lobachevsky ina upotofu, basi na ya Euclid inao. Hapo mlango ukafunguka. Kazan wakaadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake mwaka 1893 (wakati ule walidhani alizaliwa 1793), wakachanga fedha kutoka nchi nyingi, sanamu ikasimamishwa 1896, na tuzo ya jina lake ikatolewa kwanza kwa Sophus Lie, mwanahisabati wa Norway.

#20 Bint_Mwera

Mwalimu, narudi baada ya siku tatu. Mdogo wangu anafundisha kidato cha pili, nikampa lile zoezi la pembetatu saba. Amefanya na darasa lake. Anasema walikuwa kimya mpaka binti mmoja akauliza: "Madam, sasa na sisi humu ndani, hewani, tuko kwenye ile ya sita au ile ya saba?" Mdogo wangu amekwama. Amesema nikuulize.

#21 MwalimuChaki

Dada, mwambie mdogo wako asijisikie vibaya hata kidogo, na huyo binti ampe hongera yangu. Hilo ndilo swali la Lobachevsky mwenyewe, limo kwenye kazi ya 1829.

Yeye hakusema jiometri ya Euclid ni ya uongo. Alisema haiwezi kuamuliwa mezani kwa kufikiri peke yake, kama sheria nyingine za maumbile inabidi ipimwe. Na kwa kuwa upungufu wa nyuzi unaonekana kwenye pembetatu kubwa tu, akatafuta pembetatu kubwa kuliko zote alizoweza kuzipata. Akachukua kipenyo cha njia ya dunia kuzunguka jua kuwa kitako, na nyota kuwa ncha. Akatumia vipimo vya falaki vilivyokuwepo, mojawapo ikiwa nyota ya Sirius. Akakuta kwamba tofauti na nyuzi 180, kama ipo, haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde ya pembe, na sekunde ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja. Vipimo vya nyota vya wakati huo havikuwa imara. Cha kwanza cha kutegemewa alikitoa Bessel mwaka 1838. Kwa hiyo Lobachevsky akaandika kwamba kwa matumizi yetu Euclid anatosha, na swali la mbali zaidi ya hapo akaliacha wazi.

Kwa darasa: waambie wachore pembetatu kubwa uwanjani kwa kamba, waipime, watapata 180 ndani ya makosa ya kipimo chao. Kisha wamuulize Madam kipimo kingekuwaje kama uwanja ungefika Sirius. Akikwama tena, aandike ubaoni kwamba hapa bado wanapima.

Mkasi na karatasi ngumu nitamtumia kwa basi la Jumatatu, niambie kituo.